Fulana Iliyokosa Dhamana

Abdinoor alikuwa dalali wa mifugo sokoni Garissa, na mtaji wake wote ulikuwa neno lake. Pale mnyama hauzwi mpaka mtu anayemjua muuzaji asimame dhamana. Ikigunduliwa mnyama ni wa wizi, dalali ndiye anayeandamwa, hata akiwa msikitini. Ndiyo maana hakusimama ovyo, hata kwa ndugu.

Sasa Keynan, kaka wa mkewe, alikuwa amemtoa ngamia wake jike, wa pekee, kama malipo, akarudi kutoka Nairobi na fulana ya mpira yenye saini ya mshambuliaji mmoja wa Ulaya. Watu wana wazimu wao. Alitaka kumuuzia Dekow, mwenye hoteli, aitundike ukutani juu ya televisheni.

"Mimi saini sijui," Dekow alisema, akisukuma kikombe cha chai. "Abdinoor akisimama, mimi nanunua."

Keynan akatoa cheti kwa mbwembwe. Karatasi nzito, muhuri, stika inayong'aa, namba. Kilipendeza kuliko fulana yenyewe, na hilo peke yake lilimtia Abdinoor wasiwasi. Aliwajua wafanyabiashara wangapi wanaosafirisha mbuzi wa leo kwa kibali cha mbuzi wa jana! Muhuri wa kweli, mbuzi wengine.

Akatoa simu, akaingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyotoa cheti. Ikatokea picha ya fulana, rangi ileile, namba tisa ileile mgongoni. Keynan akacheka kwa furaha. Lakini pichani mkia wa saini ulikatiza mguu wa tisa. Kwenye fulana iliyokuwa mezani, saini ilikaa juu kabisa, haikuigusa namba.

Moyo ulimuuma Abdinoor. Nyumbani mkewe, Fartun, angemuuliza kwa nini amemwaibisha kaka yake mbele ya watu.

"Cheti ni ya kweli," alisema. "Lakini ni ya fulana ingine. Hii mimi sisimami, wallahi."

Dekow alikwenda jikoni. Keynan alibaki akiitazama simu, kisha fulana, kisha simu tena. Uso ulimshuka.

"Huko Nairobi nani alisimama dhamana?" Abdinoor aliuliza.

"Hii karatasi."

"Karatasi mimi nitaishika shati wapi, seddi?" Alimwita shemeji kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, lakini hasira ilikuwa imempanda. "Wewe umezaliwa sokoni! Namba yangu unayo. Mbona hukunipigia kabla ya kutoa ngamia?"

Keynan aliikunja fulana taratibu.

"Nilijua utakataa," alisema. "Na mimi nilikuwa naitaka."