Swali la Nne kwenye Fomu ya Moyo

Nilizimia uwanjani mara tatu, na kila mara nilizinduka na mzaha. Mara ya kwanza nilisema nyasi zilikuwa laini, nikaona nizionje. Mara ya pili nikasema mchezo wetu unalaza hata mchezaji. Wenzangu wa timu ya raga wakaniita Gunia. Nililipenda jina hilo, maana ukishachekwa hakuna anayekuuliza maswali.

Jumapili moja Delyth akaleta wapimaji wa moyo klabuni. Mwanawe, Osian, alianguka mazoezini akiwa na miaka kumi na tisa na hakuinuka tena. Tangu hapo Delyth huchangisha kila mwaka ili vijana wa bonde letu wapimwe bure, mwisho miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa na thelathini na minne. Nikajitolea kugawa fomu, kwa sababu napenda utaratibu, na pia kwa sababu anayegawa fomu huonekana kama ameshapimwa.

"Na wewe Gethin, umejaza yako?" Delyth aliuliza.

"Nitajaza, mama. Wageni kwanza."

"Wageni gani? Hawa umecheza nao tangu mna meno ya utotoni. Hebu kaa!"

Nikakaa. Swali la nne: Umewahi kuzimia ukicheza au ukikimbia? Jumamosi ilikuwa fainali yetu ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Nikatia alama kwenye HAPANA, nadhifu kabisa. Nilijiambia kwamba kule hakukuwa kuzimia, kulikuwa kupumzika bila kupanga.

Wakaninyoa viraka kifuani ili nyaya za mashine ya kupima moyo zishike. Rhodri, nahodha wetu, akachungulia mlangoni.

"Gunia! Nani kakunyoa hivyo? Hata kondoo wa babu yangu angegoma!"

"Toka, funga mlango. Moyo wangu una haya."

Nilikuwa bado navaa shati Daktari Pugh alipoingia na karatasi mbili.

"Nerys Prosser ni nani kwako?"

"Mdogo wangu. Anachezea timu ya wanawake."

"Fomu inauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuzimia akicheza. Ameandika: 'Ndiyo, kaka yangu, mara tatu. Anadhani sisi hatujui.' Yako inasema hapana. Mna kaka mwingine?"

Kwa sekunde mbili, nakiri, nilifikiria kumzulia mama yetu mtoto wa tatu.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunikaripia. Alinilaza tena, akapitisha kifaa cha kupiga picha ya moyo mbavuni mwangu, akanionyesha kwenye skrini ukuta wa moyo ulionenepa kupita kiasi. Unene wa mwili wangu nilikuwa nimeshauzoea, lakini huo sikuutegemea.

"Raga basi," alisema. "Kuanzia leo. Na ugonjwa huu aghalabu hurithiwa. Nataka nimtazame mdogo wako vizuri zaidi."

Hapo fainali ikanitoka kichwani. Nilisimama ukutani Nerys akipigwa picha, nikihesabu mara ngapi nilimtania aongeze mbio. Kama naye angejaza fomu kwa unadhifu wangu, mistari ya moyo wake iliyochorwa na mashine ingesomwa haraka, akarudi uwanjani.

Daktari alichukua muda mrefu. Hatimaye akasema, "Kwa sasa uko salama. Lakini utapimwa kila mwaka, na mama yenu pia aje."

Nje, Nerys alinipiga bega, si kwa mapenzi.

"Kaka, ungekufa kwa ajili ya kikombe cha bati?"

"Si bati."

"Gethin!"

"Ni bati."

Alilia kidogo, nami pia, nikisingizia viraka vinawasha. Kisha nikamwomba anisindikize kwa kocha. Alishangaa, maana ofisi ya kocha ilikuwa hatua ishirini tu. Lakini nilijijua. Peke yangu, ningefika pale na kusema nimeteguka kifundo cha mguu.