Mlango wa Chumba cha Jenereta

Walimkuta mwandishi mezani na baba mkwe wake, chai haijapoa. Walikuwa maafisa wawili wa usalama, mmoja mrefu, mwingine mfupi, viatu vyao vimeng'arishwa mtu aweza kujitazamia uso. Walimwamkia baba mkwe wake shikamoo, wakaitikiwa marahaba, kisha yule mrefu akamgeukia mwandishi, akasema kwa upole:

"Mama, tunakuomba ofisini mara moja. Uje na vitabu vyako, na hayo unayoyaandika."

Mtaani walimwita Laiti. Jina alilipata kwa hadithi zake, maana zote zilianzia pale historia ilipokata kona. Laiti mvua isingenyesha siku ya uchaguzi, laiti daraja lisingekatika, nchi ingekuwaje leo? Watu hudhani kazi ya namna hiyo ni kuota ndoto tu. Wapi! Uongo mmoja hausimami mpaka uegemezwe kwenye kweli nyingi, na Laiti alizisaka kweli hizo kama kuku anayechakura.

Safari hii aliandika juu ya yale mapinduzi yaliyoshindwa enzi yeye bado anabebwa mgongoni. Alfajiri hiyo wanajeshi waliingia kituo cha redio, wakateka studio, wakaketi mbele ya maikrofoni na tangazo lao mkononi. Redio ikafa. Bila tangazo, wenzao kambini walingoja ishara isiyokuja, na mambo yakaishia hapo. Magazeti hayakueleza zaidi ya kusema mitambo iliharibika. Katika kitabu cha Laiti mitambo ilikuwa mizima, tangazo likasikika, nchi ikashika njia nyingine.

Alisoma magazeti makuukuu hadi vidole vikawa rangi ya vumbi. Alisoma vitabu vya mafundi wa umeme, ramani za mji, kumbukumbu za wakuu wa jeshi waliostaafu. Alikuwa na sharti lake: kila alichoambiwa na mtu, alikitafutia shahidi wa karatasi. Mwishowe akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, akawa anachora lango la redio na kupima ukuta kwa hatua. Hapo ndipo alipojiponza. Mlinzi naye ana macho.

Lakini jambo kubwa kuliko yote hakulisoma popote. Alilipata humo humo nyumbani. Baba mkwe wake alikuwa fundi mitambo wa redio, na alfajiri ile zamu ilikuwa yake. Yeye na mwenzake walikata umeme, wakatokea mlango wa chuma wa chumba cha jenereta, wakapotelea uchochoroni. Baadaye waliapishwa wasimwambie mtu njia waliyopita, kwa kuwa jengo ni lile lile na mlango ni ule ule. Mchana mmoja, akitengeneza redio ya jirani, mzee alimsimulia mkaza mwanawe yote, macho hayabanduki kwenye nyaya.

"Liandike, mwanangu," alimwambia. "Ila mimi simo."

Sasa, pale mezani, mzee alikuwa ameshika kikombe hewani, hakinywi wala hakitui. Laiti alimtupia jicho moja tu, jicho lililosema: baba, nyamaza. Kisha akabeba mzigo wake wa karatasi akatoka.

Ofisini, afisa aliyemhoji alikuwa na sauti ndogo na subira ya mvuvi wa ndoana. Alifungua mswada palipokuwa pamekunjwa.

"Hapa umeandika: 'Walipoingia chumba cha jenereta, walimkuta fundi hana pa kutokea, mlango wa chuma umekomewa kwa nje.' Wanajeshi waliingia lini?"

"Hawakuingia, afande. Hiyo ni hadithi. Ni mambo ambayo yangaliweza kutokea."

"Mimi nami nilifundishwa Kiswahili. Kisichotokea tunasema 'wangaliingia'. Wewe umeandika 'waliingia'. Kitabu kizima ni 'wali', 'wali', kama mtu anayetoa ripoti."

Kicheko kilimpanda Laiti, akakimeza. "Nikiandika 'wangali' ukurasa hadi ukurasa, msomaji atalala."

"Mimi sikulala," alisema afisa.

Akaanza kuuliza moja moja. Umejuaje walinzi walisimama wapi? Gazeti fulani, picha ya ukurasa wa mbele. Umejuaje studio iko ghorofa ya juu? Jarida la wajenzi, liko maktaba, mtu yeyote hulisoma. Umejuaje kambi ilingoja tangazo? Kitabu cha mkuu wa jeshi mwenyewe. Majibu yalimtoka Laiti bila kukwama, na kwa kitambo akasahau hofu, akajiona kama mwanafunzi aliyesomea mtihani wake.

"Na mlango huu wa chuma?"

Feni ilizunguka darini. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na mzee mmoja, koti lake kuukuu na kiapo chake.

"Nimeusoma," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye magazeti ya mwaka redio ilipofunguliwa. Kuna picha ya sherehe. Bomba la moshi linaonekana ukutani upande wa nyuma. Penye jenereta pana joto, na penye joto lazima pawe na mlango."

Afisa alifunga mswada. "Twende tukaione."

Maktaba haikuwa mbali, lakini njia nzima Laiti aliomba gari liharibike. Mkutubi, mama waliyezoeana mpaka wakaitana shoga, aliona ni nani aliyeandamana naye, akaleta juzuu la magazeti aliloombwa bila hata kusalimia. Laiti akafunua. Picha ikatokea. Lango, vibendera, waheshimiwa wamejipanga. Ukuta wa nyuma ulikatwa na ukingo wa picha.

"Bomba liko wapi?"

"Basi si toleo hili, afande. Yaliandikwa mengi wiki zile."

Akaendelea kufunua. Matangazo ya sabuni, matokeo ya mpira, ndoa, misiba. Nyuma yake alisikia afisa akivuta pumzi, na yule mfupi wa asubuhi, aliyekuja nao, akisogea kusimama mlangoni. Laiti hakuwa tena akitafuta picha; alitafuta neno lolote lenye moshi, kelele au redio. Akafika kwenye barua za wasomaji. Kidole kikapita, kikasimama, kikarudi.

Akasoma kwa sauti, mwenyewe ndio kwanza anaisoma:

"'Mhariri, sisi tunaokaa nyuma ya redio mpya tunaomba tuonewe huruma. Jenereta inanguruma kutwa kucha, na mafundi wake, kwa joto, huuacha wazi mlango wa chuma unaotokea uchochoroni kwetu. Watoto hawalali. Nguo tunazoanika zinanuka dizeli.'"

Afisa alimsogeza kando, akaisoma mwenyewe mara mbili. Kisha akamgeukia Laiti.

"Ulisema picha."

"Kichwa kimejaa karatasi, afande. Nimechanganya."

"Umechanganya." Alitikisa kichwa taratibu. "Miaka yote hii tunalinda siri iliyokwisha kushtakiwa gazetini na watu wa kuanika nguo." Akaagiza ukurasa unakiliwe. "Nenda nyumbani. Mswada unabaki kwetu."

Laiti alifika kwake. Mumewe alikuwa amesimama kizingitini, akatazama nyuma ya mkewe, akauliza:

"Baba yuko wapi?"

"Baba? Si nimemwacha hapa?"

"Alivaa koti akasema anakufuata huko huko. Kwamba hawezi kukaa anakunywa chai wakati mtu anabeba mzigo wake."

Hakungoja amalize. Walirudi mbio kwa gari la mume. Ukumbini kwenye ile ofisi, juu ya benchi refu, katikati ya watu waliofuata shida zao, mzee alikuwa ameketi ameshikilia kofia. Alikuwa ameambiwa asubiri, naye akasubiri. Hakuna aliyemuuliza amejia nini.

Laiti alikaa kando yake, akamwinamia sikioni. "Baba, twende."

"Siendi. Nimekuja kusema ni mimi."

"Wameshapata shahidi. Mlango wako uliandikwa gazetini kabla hata ya mapinduzi."

Mzee aligeuka, macho yamemtoka. "Nani aliyeuandika?"

"Jirani zenu. Mlikuwa mkiuacha wazi, watoto wao hawalali."

Mdomo wa mzee ulicheza, Laiti asijue kama ni hasira au kicheko. "Yule mama wa kona," alinong'ona hatimaye. "Alitutukana kila siku yule."

Walikuwa wameshainuka, mzee ameegemea mkono wake, wamekaribia mlango wa nje, karani alipoita kutoka mezani:

"Mzee! Wewe mwenye koti! Zamu yako. Ulikuwa na shida gani?"

Ukumbi mzima uligeuka. Kule mwisho wa ukumbi mlango ulifunguka, na yule afisa mwenye sauti ndogo akatoka na faili kwapani. Laiti alihisi mkono wa mzee ukikaza juu ya wake. Mzee aligeuka polepole, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Mwanangu, nimekaa mpaka nimesahau nilichojia. Nisamehe. Uzee huu!"

Watu walicheka. Karani naye alicheka, akaita mwingine. Afisa alimtazama mzee, akamtazama Laiti, akasimama kama anayetaka kusema neno. Kisha akafungua faili lake, akapita.

Mswada ulirudishwa baada ya msimu mzima, sura ya jenereta haimo. Laiti aliiandika upya, na safari hii aliweka shahidi wake wazi mwishoni mwa kitabu: barua ya wasomaji, gazeti la mwaka wa ufunguzi.