Ukungu Nyuma ya Kabati

Verdiane wa mlango wa pili anadai kwamba kijana yule mwenye kamera aliulamba ukuta. Aliuona ulimi kwa macho yake mwenyewe, mlango ukiwa wazi, na tangu siku hiyo, asema, chakula hakimpiti kooni. Akimana, aliyekuwepo chumbani mwanzo hadi mwisho, hakumbishia. Alivyoona yeye, kijana alilowesha kidole kwa mate akafuta vumbi kwenye kigae cha zamani. Lakini kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kulamba.

Jengo lenyewe, nyuma ya stesheni ya treni ya mji wa Liverpool, Uingereza, hapo kale lilikuwa sinema. Lina mnara wa duara usio na kazi yoyote na madirisha kama macho ya samaki. Baadaye lilikatwakatwa vyumba vya kupanga. Chumba ambacho Akimana anaishi na shangazi yake, Ninahazwe, kiko juu kabisa, chini ya bomba linalovuja. Ukungu mweusi ulianza pembeni ukapanda ukuta mzima, ukinuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa ndooni. Shangazi alikohoa mpaka akajishika mbavu. Ajenti wa nyumba akawajibu kwamba picha walizotuma kwa simu ni giza tupu, yeye haoni kitu.

Ndiyo maana Akimana alipomkuta Urbanus, mwanafunzi wa Kitanzania anayekaa mtaa wa Kensington, amesimama barabarani akiupiga picha ule mnara, hakupita tu. Urbanus alimweleza kwamba anakusanya majengo ya kale na ya ajabu, ana maonyesho yanakuja. Wakapatana: atafunguliwa aone ndani, naye aupige picha ukuta ule vizuri, ajenti akose la kusema.

Shangazi ndiye aliyeharibu. Kwake mgeni ni mgeni. Aliposikia kuna anayekuja na kamera, aliusugua ukuta kwa jiki, huku anakohoa, akatundika juu yake vitambaa vyake vyote vya kufuma. Akimana alirudi kutoka kazini akakuta chumba kinawasha macho na ushahidi hakuna.

“Mgeni aone uchafu wangu?” shangazi alimwuliza. “Mimi nililelewa wapi?”

Urbanus alimwamkia shangazi vizuri, akanywa chai, akavitazama vitambaa kama mtu aliyetiliwa chumvi kikombeni. Alimnong'oneza Akimana kwamba pamesafishwa mno. Kisha akalivuta kabati. Nyuma yake, mkono wa shangazi usikofika, ukungu ulikuwa mzima, mnene, una manyoya, maji yake yakichuruzika hadi kwenye vigae vya sinema. Kijana akapiga magoti. Ndipo alipolowesha kidole. Ndipo aliposogeza pua.

“Texture hii, dada, hii sura ya ukuta, huipati popote,” alisema. “Tazama ilivyo nzuri.”

Nzuri. Akimana aliweka kikombe chake chini.

Urbanus akamwomba shangazi avue viatu na kilemba, akae sakafuni kando ya ukungu, asitabasamu. Shangazi, aliyekuwa amevaa nguo yake ya kanisani, alimtazama Akimana. Akimana aliifikiria ile picha ya kumpelekea ajenti, akatazama pembeni. Shangazi akakaa. Alipokohoa, Urbanus alimwomba asitikisike.

Picha waliiona kwenye simu ya Verdiane, Urbanus ameiweka mtandaoni. Ukuta ulimeremeta kama hariri nyeusi, na shangazi, miguu mitupu, alikuwa kama kitu kilichoachwa na wenye sinema. Chini yake watu walikuwa wakimwaga sifa. Verdiane alitema mate kwenye sinki.

“Afadhali angelamba tu,” alisema.

Akimana alirudi chumbani. Shangazi alikuwa anafua vitambaa. Vyote vilishaota madoa meusi kwa nyuma. Akaketi kitandani, akaandika polepole:

“Kaka Urbanus, shangazi bado anakohoa. Nitumie ile ya ukuta peke yake nimpelekee ajenti. Tulipatana.”

Alama mbili za ujumbe zikageuka buluu: ameusoma. Shangazi akauliza kama yule mgeni amesema atakuja lini tena, ili avianike vitambaa mapema.