Mizania ya Msingi

"Mizania!" Fundi akapiga meza ya kukatia, chaki zikaruka. "Mji mzima nimeuambia mwanangu anasoma mizania!"

"Nilisema mizani, baba. Mizani. Kusimama usidondoke. Hiyo 'a' ya mwisho uliishona mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye muongo?"

"Hapana, wewe ni fundi. Ukiona kitu kifupi unakiongezea kitambaa."

Mama, aliyekuwa anachambua vifungo kwenye kopo, akakohoa kile kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

Na kwa kweli kosa lenyewe lilikuwa tamu. Siku ile baba alipouliza anapotelea wapi kila alasiri, kijana alijibu mdomo umejaa chakula: kujifunza mizani. Baba akasikia mizania, zile hesabu kubwa za makampuni, akavimba kichwa hapo hapo. Tangu hapo kila aliyeleta suruali ipunguzwe alipewa na habari juu: kijana kaanguka mtihani, sawa, lakini sasa anasoma mizania. Karani mstaafu wa benki aliagiza suti nzima kwa heshima ya jambo hilo. Sasa nani angekuwa na roho ngumu ya kusahihisha?

Leo asubuhi karani kaja kuchukua koti, katoka kunyolewa, anacheka peke yake. Kinyozi kabandika bango: maonyesho ya shule ya sarakasi, leo alasiri, wote mnakaribishwa. Na pichani ni mtaalamu wetu wa mizania, kabeba rundo la watu mabegani, shavu limebanwa na unyayo wa binti wa muuza mkaa.

"Naona hesabu zimemlemea," karani akasema, akaondoka na koti lake.

"Umetuvua nguo!" Fundi akanguruma. "Ungeficha hata sura!"

"Ndiyo nilikuwa naificha, baba. Ule mguu ulikuwa unasaidia."

"Mtihani umeanguka, sasa unasomea kusimama!"

"Si ndiyo mpango mzuri huo?"

Shule yenyewe ni ghala la zamani la simenti. Magodoro ya kuangukia yalichangwa na mji: kila mtu alitoa lile alilokuwa anatafuta pa kulitupa, kisha akajiita mfadhili. Mwalimu ni mwanamke mfupi aliyewahi kuvunjika kila kitu isipokuwa moyo. Ada ni kufagia. Na mwenye ghala, mpenzi mkubwa wa sanaa, kasema benchi zisipojaa leo, kesho anarudisha simenti, kwa sababu simenti hailalamiki wala haipigi sarakasi.

Kijana wanamwita Msingi. Ndiye wa chini kabisa kwenye piramidi. Kazi yake ni kusimama tu, asicheke, asipige chafya. Kwa mtu ambaye nyumbani hakai kitako akamaliza kikombe cha chai, huo ni muujiza, ila muujiza hauna cheti.

"Leo huendi," Fundi akasema. "Utakaa hapa ushike pasi."

"Baba, nisipoenda hakuna piramidi. Kuna watu wamesimama wanatazamana."

"Watazamane. Wafahamiane."

"Na ghala litaondoka."

Hapo hakukuwa na mzaha. Kijana akageuka haraka kutoa suruali nyekundu ya maonyesho kwenye mfuko wa plastiki, ili aonekane ana shughuli. Fundi akaiona. Akaona mshono wa katikati.

"Hii nani kashona?"

"Mwalimu."

"Kwa kutumia nini, meno?"

"Labda alikuwa kasimama kwa kichwa."

"Lete hapa! Ukichuchumaa na hii utatuvua nguo kwelikweli, safari hii bila bango."

Akakaa kwenye cherehani. Akashona huku anatukana: sarakasi, kinyozi, karani, uzi. Mshono mmoja, juu yake wa pili, juu yake wa tatu. Hata suti ya karani haikupata heshima hiyo. Mama akaokota kifungo kilekile mara mbili.

Fundi akakata uzi kwa jino, akamtupia suruali kifuani.

"Haya, nenda kakanyagwe. Na mwambie mwalimu wako mimi siji. Asije akaniwekea nafasi mbele. Vumbi la yale magodoro ya mbele linanipandisha chafya."

Msingi akabaki na suruali mkononi.

"Baba, umejuaje vumbi la mbele?"

Fundi akaanza kutafuta chaki sakafuni kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Mbona alishakwenda," Mama akaliambia kopo la vifungo. "Alikuwa anapeleka godoro."

"Godoro lilikuwa bovu!" Fundi akasema kutoka chini ya meza. "Na wewe unasimama vibaya! Unakunja goti la kushoto!"

"Sawa, baba."

"Linyooshe!"

"Sawa, baba," Msingi akasema tena, akatoka, akafunga mlango.