Kiti cha Frithi

Wanaokimbilia kanisa letu kuomba frithi, yaani ulinzi wa kanisa, nimewaandika mimi kwa miaka kumi na tisa: wezi wa farasi, waghushi wa sarafu, wauaji wa kila namna. Siwapendi. Wananikatiza sala, wanachafua sakafu, na karibu wote hulia. Mwanamke aliyekuja Kwaresima ya pili baada ya tauni kubwa hakulia, na yeye ndiye anayeninyima raha mpaka leo.

Jina lake Hawise. Alikuja akimkokota kaka yake, Thurstan, ambaye siku moja kabla aligombana na Piers wa vilimani juu ya malisho, akampiga kwa mpini wa sepetu, na Piers hakuinuka tena. Walikuwa wametembea na kukimbia maili kumi na mbili. Ndugu wawili wa Piers, Hamo na Fulk, walikuwa nyuma yao na farasi. Lakini Thurstan alishakifikia kile kiti cha mawe kando ya madhabahu, na mtu akishakikalia hakuna wa kumgusa, hata mfalme. Akaungama, nikaandika, kengele ikapigwa mara moja. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha.

Hawise alibaki amesimama.

"Na mimi je, Padri?"

"Wewe una nini?"

"Wale walioko mlangoni wamemkosa Thurstan. Sasa wananitaka mimi. Na nina mtoto nyumbani, Idonea, ana miaka saba. Nimemwacha kwa jirani, bibi kizee asiyeona vizuri. Lazima nimrudie."

Nilidhani ni hofu ya wanawake tu. Nikatoka mlango wa kaskazini. Fulk alikuwa anawanywesha farasi. Hamo alikuwa ameketi kwenye ngazi anatafuna mkate wa shayiri.

"Mwanamke huyu hana kosa," nikamwambia.

"Nani kasema analo?" Aliendelea kutafuna. "Padri, sisi tulikuwa watatu, tumebaki wawili. Tauni ilipopita, kwao walibaki watatu: huyo mwanamume, huyo mwanamke, na katoto. Hesabu hiyo hata kondoo anaijua."

"Frithi ya kanisa hili inakataza..."

"Hiyo ni frithi yenu. Sisi tunayo yetu, ya mababu. Ukoo ukiivunja, ukoo unalipa. Babu hakusema alipe nani." Akapangusa makombo magotini. "Usiwe na wasiwasi, ndani hatuingii. Tuna adabu zetu. Tunamsubiri tu atoke."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nikarudi ndani.

Ubaya ni kwamba Hamo hakuwa anasema uongo. Mimi ni mtu wa vitabu, na neno hilo nalifahamu kuliko wengi. Katika vitabu vya ngozi vya zamani kabisa, frithi ni amani ya ukoo: watu wa damu moja hawaumizani, na mgeni akimuumiza mmoja amewaumiza wote. Baadaye wafalme wakalichukua, ikawa amani ya mfalme. Kisha wakaufunga msitu wa paa, nao wakauita frithi, ole wake maskini atakayekata kijiti humo. Bibi yangu mzaa mama aliita frithi ule ua wa fito aliousuka kuzuia kuku wasile kabichi. Nilikuwa na kiburi cha kuzijua maana zote hizo, nikiwaonyesha makasisi vijana wakati wa chakula. Siku ile nilizipitia moja baada ya nyingine, nikaona hakuna hata moja ya kumfunika mwanamke asiye na kosa.

"Nikalishe pale kaka yangu alipo," Hawise alisema.

"Haiwezekani. Kiti ni cha anayeungama kosa."

"Nimeungama Jumapili."

"Uliungama nini?"

"Nilimwita jirani nguruwe."

"Halitoshi hilo, binti."

"Basi nilale hapa chini, sakafuni."

"Kengele ya jioni ikilia, ambaye jina lake halimo kitabuni anatoka. Ndiyo kanuni, sikuitunga mimi." Nilikuwa nimekasirika, na nilikasirika kwa sababu niliogopa. "Ungekuwa umeua, ningekuandika sasa hivi."

Sikusema hivyo ili kumfundisha. Au ndivyo ninavyojiambia.

Alinitazama kidogo, akafungua kisu kidogo kilichokuwa kiunoni mwake, akakiweka mezani mbele yangu, kama wafanyavyo wauaji.

"Niandike. Tulimuua sote wawili."

Thurstan akaanza kuinuka. "Hawise, acha."

"Kaa chini wewe. Ukitoka hapo umekufa."

Akakaa.

"Ulimpiga wapi?" nikauliza, maana lazima niulize.

"Kifuani."

"Kaka yako amesema kisogoni."

"Basi kisogoni."

Nikaandika kisogoni. Nikamsomea masharti: shamba lake linakwenda kwa mfalme, naye atakaa ndani ya mipaka ya mji wetu mpaka kufa. Akasema sawa, mtoto ataletwa. Akakigusa kiti, kengele ikapigwa mara ya pili, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nikamwona anavuta pumzi yote.

Hamo alisogea mpaka kwenye kizingiti bila kukivuka.

"Padri, huyo naye kaungama?"

"Ameungama."

"Haya." Akageuka. "Fulk, tandika."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilirudi kwa Hawise kumwambia kwamba wamekata tamaa, wanaondoka.

"Kwa barabara ipi?"

"Ile ya kinu."

Uso wake ulibadilika hata nikashindwa kuutazama. Barabara ya kinu haiendi vilimani kwa kina Hamo. Inakwenda kijijini kwake.

"Sisi ni watatu," alisema.

Hapo ndipo nami nikaelewa. Nilimshika mkono. "Ukitoka, ungamo lako linatoka nawe. Umeshajiita muuaji. Yeyote atakayekukuta anaweza kukuua, na hakuna hakimu atakayemwuliza."

"Najua. Niachie mkono, Padri."

Alivua viatu vyake vya mti akaviacha chini, akatoka mlango wa kusini, unaoelekea msitu wa mfalme. Huko farasi hawapiti, na njia ni fupi kwa nusu. Ningeweza kwenda naye. Nilikuwa na joho la kanisa, na pengine wangeliheshimu. Sikwenda. Niliogopa, na sina sababu nyingine ya kuwaambia. Thurstan alilia kitini mpaka jioni, naye hakwenda.

Siku ya kwanza haikuja habari yoyote, wala ya pili. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, msichana mdogo aliingia peke yake kwa mlango wa kusini. Sketi yake ilikuwa imechanwa na miiba na miguu ilikuwa na damu iliyokauka. Alitembea moja kwa moja mpaka mezani kwangu. Sikuwa nimemwuliza neno.

"Mimi ndiye niliyemuua Piers," alisema. "Kisogoni."

Akanitazama kuona kama amekosea.

"Mama yako yuko wapi?"

"Alisema nikimbie nisigeuke. Alisema yeye atasimama njiani azungumze nao." Kidevu kilimtetemeka, akakibana. "Alisema nisiseme kingine mpaka uandike."

Nilichovya kalamu winoni. Niliandika: Idonea, binti Hawise, miaka saba, muuaji. Kisha nikambeba, nikamkalisha kitini. Miguu yake haikufika chini, na kengele ilipopigwa aliziba masikio.