Shamba Juu ya Njia

Jumamosi ya tatu mfululizo, Mansuetus Ndunguru alibeba mawe. Njia ya miguu inayoteremka kutoka milima ya Ukata kuelekea Ziwa Nyasa ilikuwa imeliwa na mvua za miaka miwili, na mahali pamoja pakafunguka korongo la kumfikia mtu kiunoni. Wapanda milima waliokuja kuliangalia ziwa kutoka juu walikwisha kuacha kuja. Akina mama waliopeleka maharage ufukweni na kurudi na usipa, samaki wadogo wa ziwani, walizunguka nusu siku nzima.

Waliojitolea kuitengeneza walikuwa kama ishirini: waumini wa kigango, walimu wachache, na Mwanabibi, afisa maendeleo wa kata, binti wa Pangani aliyehamishiwa huku mwaka juzi. Yeye ndiye aliyewakusanya. Wakipanga mawe korongoni Jumamosi, mvua inashuka katikati ya wiki, na Jumamosi inayofuata mawe wanayakuta bondeni.

Mansuetus alijua sababu. Juu ya korongo, nyuma ya magugu, lilikuwapo shamba lake. Zamani lilikuwa shamba la ngolo, mashimo yaliyopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki, kila shimo likishika maji yake mpaka ardhi iyanywe. Kazi ya ngolo ni ya watu wawili. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke huja nyuma yake na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo ule, yakawa matuta ya kupandia. Avelina, mkewe, alifukia kwa miaka thelathini na mmoja. Alipofariki, Mansuetus alilaza majani mara moja, akakaa kusubiri bila kujua anasubiri nini, mpaka upepo ukayachukua. Hakurudi tena. Mashimo yakajaa tope, maji yakakosa pa kutulia, yakaishika njia.

Wanakijiji waliojua walinyamaza kwa kumhurumia, na kimya chao kilimwelemea kuliko mawe. Kila jioni alisali rozari peke yake, akiitikia mwenyewe nusu iliyokuwa ya mkewe. Alimwomba Mungu ujasiri wa kusema. Kulipokucha aliona aibu, akabeba mawe.

Jumamosi hiyo Mwanabibi aliketi kando ya korongo, amechoka. Alisema kwamba kama mawe hayakai, basi waiache njia hii, wachonge nyingine upande wa pili wa mlima. Wengi waliitikia kwa vichwa.

"Huko mtapishana na nyani tu, mwanangu," alisema Hildegardi, mama aliyekuwa jirani yake Mansuetus. "Na nyani hawanunui maharage."

Walicheka, lakini tayari walikuwa wanakusanya majembe. Mansuetus aliona wazi kuwa kunyamaza kungemwokoa. Njia ingehama, na hakuna ambaye angeuliza tena maji yametoka wapi. Aliona pia kwamba hakuna ambaye angepita tena upande huu, na kijiji kizima kingekuwa kimelipia huzuni ya mtu mmoja.

"Mawe hayana kosa," alisema. "Maji yanatoka shambani kwangu."

Mwanabibi aligeuka. "Shamba lipi, baba?"

"Hilo lililo juu yetu. Lilikuwa la ngolo. Nimeliacha tangu mama yenu afariki. Nikiingia humo nasikia jembe lake nyuma yangu, nikigeuka hayupo."

Hildegardi alipangusa jembe lake kwa kiganja, taratibu.

"Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe, shemeji," alisema. "Ila Jumamosi tatu za mawe! Mgongo wangu utakulalamikia mpaka Pasaka."

Siku hiyo hiyo walipanda juu, wakafyeka magugu na kuyaacha yakauke. Baada ya wiki mbili walirudi. Wanaume walilaza majani, wanawake wakafuata na majembe, kila mmoja nyuma ya mume au kaka yake. Mwanabibi alimfuata mwalimu mmoja, na mashimo yake yalichekwa kwa kufanana na sufuria zilizobonyea. Mansuetus alilaza mistari ya pembeni, ile iliyo juu kabisa ya korongo. Hildegardi alipokuja nyuma yake, Mansuetus alimsihi amwachie kazi hiyo. Akachukua jembe, akarudi mwanzo wa mstari, akaanza kufukia mwenyewe, kazi ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuonekana akiifanya. Wanawake walitazama pembeni kumstahi. Mashimo yake yalitoka yamepinda. Alisikiliza nyuma yake mchana kutwa, na hakusikia kitu.

Jumamosi iliyofuata waliyapanga mawe upya korongoni, kisha mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne alipanda shambani akiwa na maharage ya kupanda. Kila shimo lilikuwa na maji yake, yametulia, na chini mawe ya njia yalikuwa palepale yalipopangwa. Alivua kofia, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaangalia huku na huku, maana habari hii ilikuwa ya kumwambia mtu.

Wapanda milima watatu walitokea juu wakiwa na mabegi mgongoni. Walimwamkia kutoka njiani, wakauliza kama ziwani bado ni mbali. Aliwaambia watafika kabla jua halijawa kali. Mmoja akasema njia hii ni nzuri sana, wakapita. Mansuetus alisimama akiwasikiliza mpaka sauti zao zikaisha bondeni, ndipo akainama, akatia mbegu kwenye tuta la kwanza.