Onyo Lililozunguka

"Limerudi tena," alisema Tikyo.

Manay Delfa, yaani Dada Delfa, msimamizi wake, aliinamia kioo cha kompyuta. Ilikuwa saa tisa alasiri, na tufani ilikuwa ikipiga madirisha ya mji wa Legazpi, Ufilipino, kama mdai deni. Onyo la kuhama kando ya mto kabla tope la volkano ya Mlima Mayon halijashuka lilikuwa limewafikia watu elfu thelathini. Mia nne na kumi na wawili halikuwafikia. Wote hao walikuwa wamehamia kampuni ya simu ya akina Tikyo kutoka nyingine, wakaja na namba zao za zamani.

"Linakwenda kwenye kampuni waliyotoka," Tikyo alisema. "Kule wanasema huyu si wetu, wanalirudisha. Sisi tunalipeleka tena. Linazunguka mpaka linakufa."

"Mjinga gani kaandika hivyo?"

Tikyo alijionyesha kwa kidole. "Mimi, Manay."

Amri yake ya kompyuta, aliyoiandika miaka kumi na mmoja iliyopita, ilitazama tarakimu za mwanzo tu: namba ya kule, peleka kule. Enzi hizo hakuna aliyehama na namba yake. Mwaka juzi ikaja amri ya pili, ya kuwatafuta waliohama. Kila moja ilikuwa sahihi peke yake. Lakini kwenye njia ya maonyo, inayofunguliwa siku za maafa tu, ya Tikyo ilisimama mbele, na ya pili haikuulizwa kamwe.

"Nizibadilishe zamu. Ya pili itangulie."

"Leo tarehe ishirini na tatu, wewe! Toka misa za alfajiri mpaka sikukuu ya Wafalme Watatu, Januari, hakuna anayegusa amri. Ukikosea, unazima simu za mkoa mzima wa Bikol siku ya Krismasi. Ngoja wakubwa wa Manila."

"Manila hawapokei. Wako kwenye karamu, wanaimba karaoke."

"Kwa sauti zile, bora tope."

Tikyo aliweka kidole kwenye namba moja. "Hii ya Nanay, mama yangu. Baba aliiandika kwa rangi mlangoni kabla hajafa. Mama akagoma kuiacha."

"Nani alimhamisha kampuni?"

"Mimi. Ili anipigie bure."

Delfa alivuta kiti. "Andika jina langu chini ya lako. Wakitufukuza, tutauza bibingka, keki za mchele, nje ya kanisa."

Tikyo akashusha mstari wa amri yake chini ya ule wa pili. Akabonyeza.

Limefika. Limefika. Limefika. Kwa mama yake pia: limefika. Kando ya kila namba lilionekana jina la mnara ulioishika simu: Mtoni. Baada ya robo saa majina yakaanza kugeuka, moja, matatu, ishirini: Shule, mnara wa kilimani.

"Wanapanda," Delfa alinong'ona.

Tikyo alitazama mstari mmoja tu. Mtoni. Mtoni. Bado Mtoni. Kisha nafasi ya jina ikawa tupu, kama simu iliyoachwa na mnara mmoja na bado haijapokewa na mwingine, au iliyozimika.

Mkono wake ukabaki juu ya kioo, kando ya ile nafasi, bila kuigusa.